Nyuzi

Nyuzi kumi na mbili chini ya sufuri,
na nyuzi za mti ndani ya chupa:
baridi hii ndiyo inayoyeyusha.
Wageni wa maabara hudhani nimekosea.
Sukari hutaka chai ya moto,
ila selulosi ina kiburi chake,
haifumuki mpaka ipigwe na kipupwe.

Nje, mto Kymi umeganda kingoni.
Bomba la kiwanda limesimama bila moshi
mwaka wa kumi na saba sasa,
na mji umejifunza kuvuta hewa tupu.
Baba alikuwa fundi wa mashine namba nne.
Alirudi nyumbani akinuka salfa, mayai viza,
na mama alimfungulia dirisha kwanza, mlango baadaye.

Siku ya kufunga, walikata karatasi ya mwisho,
nyeupe, haijatiwa dawa ya kung'arisha,
wakaitia sahihi wote, watu thelathini na wanane,
na kwa kuwa baba ndiye aliyezima swichi
wakampa aitunze.

Mimi kazi yangu ni kusikiliza.
Natupa mwali wa leza, mwekundu wa kufifia,
na mwanga unaorudi hurudi umepungukiwa kidogo,
kama mtu aliyepitia sokoni.
Upungufu ule ndio habari.
Kila kifungo kina mtetemo wake:
oksijeni na haidrojeni hutikisika
mara trilioni mia kwa sekunde,
na wakishikana mikono na jirani
hupunguza mwendo, kama wenye familia.

Nilianza na infraredi. Niliona maji tu.
Maji ni mpayukaji, husemea kila mtu.
Kisha nikajaribu leza kwenye rojo la mbetula lisilopaushwa:
lignini ikawaka, ikafunika yote kwa nuru yake ya kijinga.
Miezi mitatu nilipima upuuzi,
na msimamizi wangu, Daktari Ruokolainen,
akasema "Vumilia"
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Basi nikamwomba baba.

Mkono wake nao unatetemeka,
mara tano kwa sekunde. Nimehesabu.
Siwezi kuacha kuhesabu.
Alikaa kimya mpaka kahawa ikapoa,
kisha akaishusha karatasi ukutani
na kuchana kona mwenyewe.
Mchano ukaenda upogo,
kila mtikisiko umejiandika ukingoni
kama grafu.

Usiku wa Jumanne. Soda kali, maji,
na yurea, hii hii ya mbolea.
Kona ikazama. Nikairudisha baridini.
Kwenye skrini, kilele cha mia tatu themanini,
kile kinachosema bado tumejipanga, bado tu safu,
kikainama.
Kikawa kichuguu. Kikawa uwanja.
Lakini kile cha elfu moja na mia moja kilibaki:
minyororo haikukatika,
imeachana mikono tu.
Ukiona vyaelea, vimeundwa, sawa;
na visivyoonekana tena, na bado vipo,
hivyo tuviitaje?
Nililia kidogo. Nikaandika saa na halijoto.

Nikampelekea chupa, imezibwa kwa nta.
Akaiinua dirishani, akaitafuta karatasi
katika ule uangavu mzito kidogo kuliko maji.
"Kona ile," akasema, "ndiyo yenye sahihi ya Taisto."
Nikaomba radhi.
"Taisto ana deni langu. Marka mia mbili,
tangu enzi za marka.
Aliandika chini ya jina lake: nitalipa."

Chupa ikatikisika mkononi mwake.
Nikamwambia naweza kuirudisha:
nikiidondosha ndani ya asidi hutoka uzi,
mweupe, wenye nguvu, hata kitufe unashonea.
"Na maandishi?"
Maandishi hapana, baba.
Akacheka, mara ya kwanza tangu theluji ianguke.
"Basi usimwambie Taisto."